Mashine ya Vumbi ya Holo

Mashine ya kunyonya vumbi iko kwenye boksi lake chini ya kitanda changu, hapa Bariadi. Maduhu aliirudisha mwenyewe wiki ileile tuliyomaliza matanga ya mama yake, Holo. Aliishusha kwenye pikipiki, akaiweka mlangoni na kusema, "Mama, chukua hii. Kule nyumbani hakuna atakayeiwasha." Nikamwambia aiingize ndani. Tangu hapo Pendo, mjukuu wangu ninayekaa naye, ameniuliza mara mbili kwa nini tusiitumie, maana nyumba yetu nayo ina marumaru toka sebuleni mpaka chooni, na kiangazi hiki vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ana haki ya kuuliza. Ni mashine nzuri. Mimi ndiye niliyeichagua, na katika maisha yangu sijachagua kitu kwa uangalifu kama ule, hata mume sikumkagua hivyo. Ila kila nikifikiria kuchomeka ule waya ukutani, mkono unakataa. Holo tumemzika Dutwa, na mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya kifua chake ilifanya kazi kwake dakika moja tu, pengine hata dakika haikufika.

Nikisema Holo, wajukuu wanamwona bibi kizee wa Dutwa aliyekuwa akikohoa kanisani mpaka padri ananyamaza kumsubiri. Mimi namwona msichana mrefu, mwenye mwanya, anayefagia chumba chetu huku akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Tulikuwa tumepanga kwa mama mmoja aliyeitwa Kabula, upande wa Maswa, nyuma ya jineri, yaani kiwanda kile cha kuchambua pamba kinachotenga nyuzi na mbegu. Tulikwenda kufanya kibarua cha msimu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholala wote wawili, msumari wa kutundikia nguo, na sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa samadi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Holo alichota maji kwenye bakuli la bati, akachovya vidole, akanyunyiza sakafu yote polepole, akasubiri udongo unywe, ndipo akashika fagio. Mama yake alimfundisha hivyo. Kwake yeye mtu anayefagia bila kunyunyiza alikuwa hajalelewa. Siku ya kwanza nilipofagia kavu aliniondolea fagio mkononi. "Unamfukuzia nani vumbi, Mbuke? Linapanda juu, linazunguka, halafu linakurudia puani mwako mwenyewe." Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa maji kidogo, si ya mvua, ile ya maji ya kunyunyiza, huwa nahisi kama ni alfajiri na lazima niamke niende kazini.

Jioni tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, tuliyotoka nayo nyumbani kwenye mfuko wa kitambaa. Jumapili tulichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaila na karanga tukiwa tumekaa kitandani, sahani katikati. Ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo maneno ya Kabula na jirani yake tuliyapata yote bila kuyaomba. Siku moja tukamsikia anasema, "Hawa wasichana wa pamba, wanakuja na miili, wanaondoka na vifua." Jirani akauliza, "Hata hawa wako?" Kabula akasema, "Labda yule mfupi atapona. Mfupi havuti hewa nyingi." Holo alicheka mpaka akaziba mdomo kwa blanketi. Akaninong'oneza, "Umesikia? Kumbe ufupi wako ni dawa." Tukacheka wote wawili. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu Kabula alisema kweli, ingawa sababu haikuwa ufupi.

Jineri ilikuwa na ukumbi mkubwa wa mashine, na wageni wote walipelekwa huko. Ukumbi ulikuwa safi kuliko mtu anavyofikiria mahali pa pamba. Kulikuwa na feni kubwa ya chuma iliyonyonya vumbi lote kupitia bomba nene kama pipa, na mgeni aliweza kusimama pale na suti nyeusi akatoka nayo ikiwa nyeusi bado. Waliisifu sana. Hakuna aliyeuliza lile bomba linakwenda wapi. Lilipita juu, likatoboa ukuta, na mkia wake ukatokea kwenye ghala la mbegu, na humo ghalani ndimo tulimokuwa sisi wanawake kumi na wawili, tunafagia mbegu, tunazijaza kwenye magunia. Feni ilianza kulia saa moja asubuhi, sauti moja nyembamba isiyopanda wala kushuka, mpaka unaisikia kwenye meno. Basi na vumbi likaanza kutoka. Vumbi la pamba si kama la barabarani ambalo lina uzito na linatua. Hili linaelea, linakaa kwenye kope, unaweza kuliona kwenye mwanga wa mlango kama maziwa yaliyomwagwa hewani. Tulijifunga pembe ya kanga puani na mdomoni, na jioni ukiifungua, pale penye mdomo pana duara la kijivu.

Na humo ghalani kunyunyiza maji ilikuwa marufuku. Mbegu zikilowa zinaota au zinaoza. Msimamizi wetu, Shigela, mtu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua, alitusomea sheria hiyo kila Jumatatu. "Tone moja tu, mbegu zitaota humu ndani, na wewe utaota kule nje ya geti." Wanawake walicheka kila Jumatatu, maana ukicheka msimamizi anapita haraka. Holo hakucheka. Kufagia kavu kulimuumiza moyoni kabla ya kumuumiza kifuani. Nilimwona akishika fagio, halafu mkono wa kulia unachovya hewani, kama anatafuta bakuli. Nikamwambia, "Acha, watakuona kichaa." Akasema, "Mkono wenyewe unajiendea."

Mwezi wetu wa pili pale sote tukapata kile wanawake wa ghalani walichokiita kifua cha Jumatatu. Jumapili unapumzika, unapumua vizuri, unakwenda kanisani unaimba. Jumatatu ukiingia ghalani, kabla ya saa nne kifua kinakaza kama kimefungwa mkanda. Jumatano kinalegea kidogo. Mama mmoja aliyeitwa Nkwimba, aliyefanya kibarua misimu sita, alituambia, "Mkiona kimekaza mpaka Ijumaa, ondokeni." Tukamuuliza yeye kwa nini haondoki. Akafunga gunia lake, akavuta jingine. Mwisho wa mwezi ule changu kilikuwa kinafika Jumatano, na cha Holo Alhamisi.

Ndipo ikaja habari kwamba mke wa meneja anatafuta msichana wa kazi za ndani. Mama Neema, tulimwita kwa jina la binti yake. Walikuwa watu waliohamishiwa kazi kutoka mbali, Kiswahili chao kimenyooka, na nyumba yao ilikuwa ndani ya uzio wa jineri lakini upande ambao upepo unatoka, kwa hiyo vumbi halikufika. Shigela akatupeleka mimi na Holo siku ya Jumamosi, kwa kuwa tulikuwa vijana na hatukuwa na watoto. Njiani Holo akasema, "Atakayepata, asimsahau mwenzake." Nikasema sawa. Sikuwa na nia mbaya nilipokuwa nasema sawa. Nataka hilo lieleweke, ingawa halisaidii kitu.

Tulipofika, Holo alibaki bombani kuosha miguu, maana alikuwa na miguu mirefu na vumbi lake lilikuwa jingi, hivyo nilimtania. Mimi nikazunguka jikoni kumsalimia mpishi, kwa kuwa nilisikia ni mtu wa Kasoli kama mimi. Mzee Bundala. Nikapiga goti, "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaniangalia vile nilivyofunga kanga, akajua nimetoka ghalani. Akainamia sufuria yake, akasema kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, kwamba Mama Neema atatufagilisha, kila mmoja chumba chake, aone mikono yetu. "Sakafu ile ni saruji nyekundu, imepakwa nta. Usiitie maji. Maji yakigusa nta yanaacha madoa meupe, na kuyatoa ni kazi ya siku nzima kwa magoti. Funga kitambaa kwenye fagio, pitisha taratibu, halafu sugua na lile blanketi kuukuu lililoko nyuma ya mlango." Nikamshukuru. Nikatoka. Holo alikuwa anakung'uta miguu pale bombani, na palikuwa na nafasi ya kutosha, hatua kama ishirini toka bombani mpaka barazani, tulizitembea bega kwa bega, na mimi sikusema.

Nilifagia sebule. Nilifunga kitambaa, nikapitisha taratibu, nikasugua na blanketi. Sijawahi kuona sakafu kama ile, nyekundu iliyoiva, ukiinama unauona uso wako kama uko ndani ya kisima. Mama Neema alikaa kwenye kiti chake anafuma, haangalii, lakini anaangalia. Akasema, "Vizuri. Mwite mwenzako, chumba cha kulia chakula." Holo alikuwa amesimama mlangoni, miguu safi, kanga ameikaza. Akaniuliza kwa chini, "Vipi mle?" Nikamwambia, "Ni sakafu tu."

Maneno matatu. Nimezaa, nimezika mume, nimesema maneno mengi ya ovyo kwa watu wengi, na sina maneno mengine ninayoyakumbuka vile yalivyotoka mdomoni. Ni sakafu tu. Kwenye kona ya chumba cha kulia kulikuwa na ndoo ya maji, Mzee Bundala aliiweka kwa ajili ya madirisha. Holo akaiona. Nilimwona anavyoiona. Mtu aliyefagia kavu ghalani miezi miwili, anakohoa, anachovya mkono hewani, leo amewekewa maji ndani ya nyumba ya wakubwa kabisa, mahali ambapo mtu anataka kuonyesha alivyolelewa. Akainama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kulikuwa na dirisha upande wa pili, nje yake kuna mpapai. Nikaangalia mpapai. Nikasikia matone yanadondoka, tatata, tatata, kama alivyofanya kila asubuhi chumbani kwetu, kutoka ukutani mpaka chini ya meza, kisha fagio likaanza kuburuta. Mama Neema alipokuja kuangalia, hakupiga kelele. Alisema, "Mungu wangu, huyu ameiharibu." Akanigeukia mimi. "Wewe utabaki."

Holo alirudi ghalani Jumatatu. Mimi nilihamia kwenye chumba cha uani nyumbani kwa meneja, kitanda chenye godoro, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyatoa yale madoa kwa magoti, siku nzima, kama Mzee Bundala alivyosema. Nilikula wali. Nilikunywa chai ya maziwa asubuhi na tena saa kumi. Baada ya wiki tatu nikapumua mpaka chini kabisa ya mbavu, nikashangaa, nikajaribu tena. Jumapili nilimpelekea Holo chakula kilichobaki, wali na vipande vya nyama nimefunga kwenye karatasi, naye alikula akiwa amekaa kitandani petu, taratibu, anapumzika katikati ya tonge na tonge. Alinishukuru kila mara. "Wabheja, Mbuke." Halafu akiwa analamba vidole aliniuliza, "Na sakafu ya huko, bado ni sakafu tu?" Nikacheka, nikaona ni utani. Aliuliza swali hilo karibu kila Jumapili.

Kuna siku nilikuwa sebuleni kwa meneja napaka nta, magoti yangu kwenye gunia, na mlango wa chumba cha kulia uko wazi kidogo. Meneja alikuwa anakula na fundi mkubwa aliyeletwa kukagua mashine. Nilisikia vijiko, nikasikia fundi anasema, "Feni yako ni nzima, inanyonya vizuri. Ila ule mkia wa bomba unatapikia ndani ya ghala la mbegu. Ugeuze utokee juu ya paa. Ni kazi ya siku mbili." Meneja akasema, "Nisimamishe mashine siku mbili katikati ya msimu? Tutafanya msimu ukiisha." Fundi akasema, "Kuna watu mle." Meneja akasema, "Ni vibarua." Mama Neema akauliza nani anataka kuongezewa mchuzi. Niliendelea kupaka nta. Ningeweza kwenda ghalani nikawaambia wale wanawake kwamba ni kazi ya siku mbili tu, kwamba fundi mwenyewe amesema. Sikujua wangefanya nini, lakini wangejua. Nikanyamaza mara ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Msimu ulipoisha vibarua wakatawanyika, kukawa hakuna wa kulalamika, na bomba likabaki lilivyo. Holo alirudi Dutwa. Kifua chake siku hizo kilikuwa kimekaza mpaka Jumapili, na hakikulegea tena.

Hakufa ujanani. Watu wakisikia habari hii wanangoja nimuue pale pale, lakini mambo hayakuwa hivyo, yalikuwa ya polepole. Aliolewa, akamzaa Maduhu, akalima pamba, ila hakuwahi kumaliza tuta bila kuketi, na mawifi walimwita mvivu mpaka walipozoea. Tulikutana minadani, tukasalimiana, tukaulizana watoto. Mimi nikawa naaga haraka. Mwaka huu, kabla ya mavuno, Maduhu akanipigia simu. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba nzuri Dutwa, vyumba vyote marumaru, ili asikae tena kwenye udongo. Daktari wa hapa Bariadi akamwambia fagio lisiingie kabisa katika chumba anacholala, vumbi linyonywe kwa mashine. "Mama, Pendo anajua mambo ya simu," akasema. "Amchagulie mama mashine nzuri ya sakafu ngumu. Sitaki kukosea." Nikamwambia hutakosea, nitakwenda mwenyewe.

Pendo alinionyesha picha kwenye simu mpaka macho yakaniuma. "Hii hapa bibi, ndiyo yenye nguvu kuliko zote." Nikamwambia nguvu ni ya kuvuta, mimi nataka kujua inachofanya na kile ilichovuta. Tukaenda dukani, karibu na soko. Kijana muuzaji alikuwa mcheshi, amefungulia muziki mkubwa, akamwaga unga na punje za mchele kwenye marumaru ya duka na kusema, "Shikamoo bibi, sasa tazama maajabu." Mashine ya kwanza ilikuwa na brashi ngumu inayozunguka mdomoni. Unga ulikwenda, lakini punje za mchele zilirushwa zikapiga ukuta. Nikamwambia hiyo ni ya zulia, sakafu ngumu haishiki kitu, inarudisha. Nataka mdomo mpana wenye nywele laini. Akaleta ya pili. Hiyo ilimeza kila kitu, hata yeye mwenyewe akapiga makofi. Nikafungua kitenge changu cheusi, nikakishika nyuma ya mashine pale inapotolea hewa, nikamwambia aiwashe tena. Alipozima, kitenge kilikuwa na duara la kijivu. Nilikaa chini kwenye kiti cha duka. Pendo akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. "Bibi, vipi?" Nikasema hii hapana. "Bibi wewe ni mkaguzi wa serikali?" kijana akauliza. Nikamwambia, mwanangu, kila kitu kinachonyonya kina mkia, lete nyingine.

Ya tatu uchafu wake ulikuwa unaingia kwenye kikombe cha plastiki, na ukikimwaga lile wingu lote linakurukia usoni, kwa hiyo nayo nikaikataa. Ya nne ilikuwa na mfuko wa kufungwa unaotupwa mzima bila kufunguliwa, na nyuma yake kuna kichujio kinene kama godoro la mtoto. Nilishika kitenge nyuma yake mara tatu. Kilibaki cheusi. Magurudumu ya mpira, hayakwaruzi marumaru. Mdomo wenye nywele laini. Mfuko wa akiba ulipatikana pale pale dukani, maana mashine ambayo mfuko wake mpaka uagizwe mbali itageuka kabati. Nikamwambia Pendo, hii. Nilitoka pale nimenyooka mgongo. Nilijisemea moyoni kwamba safari hii sikuangalia dirishani.

Tulifika Dutwa asubuhi. Holo alikuwa ameegemezwa mito, mrefu bado hata kitandani, na uso umebaki macho. "Mwangaluka, Holo." Akaitikia, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. "Leo umekuja na mzigo." Nikamweleza ile mashine kipande kwa kipande, mdomo, mfuko, kichujio, naye akasikiliza akitabasamu kwa upande mmoja. "Umeikagua," akasema. Nikasema nimeikagua. Maduhu akachomeka waya, akaiwasha.

Nilikagua mdomo, nilikagua mkia, nilikagua magurudumu. Sauti sikuikagua, dukani kulikuwa na muziki. Ilitoka sauti moja nyembamba isiyopanda wala kushuka. Nikaisikia kwenye meno kabla ya masikioni. Nikamwangalia Holo, na mkono wake ulikuwa umeshaikamata pembe ya kanga, ameishindilia puani na mdomoni, macho yamefunguka, anapumua kwa vipande vifupi kama tulivyofundishana kupumua mle ghalani. "Zima," akasema ndani ya kanga. Maduhu akasema, "Mama, angalia, vumbi linaondoka." "Zima, mwanangu. Hiyo ni feni." Maduhu hakuelewa, lakini alizima. Ikachukua muda mrefu kanga kushuka. Nikamwambia Maduhu aitoe chumbani, arudishe kwenye boksi, aniletee ndoo ya maji na kitambaa.

Basi nikapiga magoti. Nilikaa Dutwa kuanzia siku ile mpaka alipofariki, na kila asubuhi niliyafuta yale marumaru kwa kitambaa kibichi, ukuta mpaka ukuta, maana marumaru hayaharibiki kwa maji na vumbi lililolowa halipandi. Lakini nataka kumalizia na asubuhi hiyo ya kwanza. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyatunza tangu usichana. Nikasema, "Holo, siku ile kwa Mama Neema." Akasema, "Sogeza ndoo." Nikaisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda. Akashusha ule mkono mrefu, akachovya vidole, akanyunyiza sakafu, tatata, tatata, mpaka pale mkono ulipofika. Akapumzika. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbusha jambo la nyumbani, "Nilikuangalia kwanza kabla ya kuchovya. Wewe ukaangalia dirishani." Nikamuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Matone ya kwanza hayakunywewa. Yalisimama juu kama shanga. Nikajua hii sakafu haitaki maji, na nikajua umeambiwa." "Sasa mbona uliendelea kunyunyiza?" Alipumua mara nne, tano, akitafuta hewa ya kutosha kunijibu. "Nilikuwa nangoja ugeuke."

Nikamwambia anisamehe. Hakunijibu, wala siku nyingine yoyote hakunijibu. Alinitazama nikifuta, kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikirudi kinyumenyume.

"Pale dirishani umeruka," akasema.

Nikarudi pale, nikafuta.